Kesi ya Makate haikuwa ya kipuuzi

Novemba 2025 kampuni ya simu ya Vodacom ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba imemalizana nje ya mahakama na Nkosana Makate, mhasibu wake wa zamani, kuhusu huduma ya ujumbe mfupi ya "Please Call Me". Kiasi alicholipwa hakikutajwa. Ndivyo lilivyofungwa shauri lililofunguliwa mwaka 2008.

Habari ilipofika huku kwetu ilikuja na maneno yaleyale yaliyoiandama kesi tangu mwanzo. Mtu anadai mabilioni kwa ajili ya meseji? Kama wazo ni lake, hataza yake iko wapi? Alikuwa analipwa mshahara, sasa anataka nini tena? Wengine walisema anatafuta kiki. Kwa kifupi, watu wengi waliiona kuwa kesi ya kipuuzi, na kampuni kubwa iliyochoka kusumbuliwa ikaamua kulipa ili ipumzike.

Tunapinga. Kesi ile ilikuwa na kichwa na miguu tangu siku ya kwanza, na hoja hizo zote zinaanguka ukisoma hukumu zenyewe badala ya vichwa vya habari.

Mwaka 2000 Makate alikuwa kijana wa Katlehong, mashariki ya Johannesburg, akijifunza kazi ya uhasibu katika kampuni ya Vodacom, yenye makao yake makuu Midrand. Alikuwa na mchumba aliyeishi mbali, na mara nyingi mchumba huyo hakuwa na salio. Msomaji wetu hahitaji kuelezwa shida hiyo. Sisi tuliimaliza kwa kubipu: simu inaita mara moja, unakata, unaomba Mungu mwenzako asiwahi kupokea. Wenye mitandao hawakuupenda mtindo huo hata kidogo, maana mitambo inafanya kazi na hakuna anayelipa.

Makate alipendekeza kwamba asiye na salio apewe ujumbe wa bure wa kumwomba mwenzake ampigie. Ujumbe haulipiwi, lakini simu inayorudi inalipiwa na anayepiga. Hapo ndipo pesa ilipo. Nenda kituo cha Noord, katikati ya Johannesburg, jioni wafanyakazi wanaposubiri usafiri wa kurudi makwao. Mama aliyetoka kufanya usafi ofisini anabonyeza *140*, namba ya mwanawe, reli, anasubiri. Dakika haijaisha simu inaita. Anauliza kama mdogo amekula, anasema yuko njiani, wamemaliza. Mama hakutoa hata senti. Mwana ndiye aliyelipa, na kampuni imeuza maongezi ambayo vinginevyo yasingekuwapo. Chini ya ule ujumbe mfupi kumebandikwa tangazo la biashara, nalo limelipiwa. Hesabu mamilioni ya watu wakifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 20.

Kijana huyo alimweleza bosi wake, naye akamwelekeza kwa Philip Geissler, mjumbe wa bodi aliyesimamia uundaji wa bidhaa mpya. Makate alisema anataka sehemu ya mapato, asilimia 15. Walichokubaliana ni hiki: kampuni ijaribu kwanza, huduma ikifaulu wakae wapange malipo, na wakishindwa kuelewana kuhusu kiasi, mtendaji mkuu aamue. Geissler alimwandikia kwa barua pepe kwamba atalizungumza suala lake na mkuu wa kampuni, na akampa neno lake. Machi 2001 huduma ilizinduliwa. Siku ya kwanza peke yake ilitumiwa na watu wapatao 140,000. Jarida la ndani la wafanyakazi lilimshukuru Makate kwa jina. Kisha kimya. Kila alipokumbusha hakupata jibu la maana, na mwaka 2003 akaacha kazi.

Sasa tuje kwenye hataza, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanadhani mtu hawezi kwenda mahakamani kuhusu wazo kama hakulisajili. Lakini kesi ya Makate haikuwa ya hataza. Mwenye hataza anaweza kumzuia mtu yeyote nchini, hata asiyemfahamu, asitumie uvumbuzi wake. Makate hakutaka kumzuia mtu yeyote. Alimdai mmoja tu, aliyemwahidi. Ari Kahn, aliyekuwa mshauri wa kampuni shindani ya MTN, amesema mara nyingi hadharani kwamba MTN ilitangulia kuzindua huduma ya namna hiyo na kuiombea hataza Januari 2001. Basi na iwe hivyo. Ahadi ya Vodacom kwa mfanyakazi wake haifutwi na jambo lililofanyika jengo jingine. Ukimwahidi dalali kamisheni akuonyeshe kiwanja, akakuonyesha, ukajenga na kupangisha, huwezi kumnyima haki yake kwa kusema kiwanja hakikuwa chake.

Na hiyo hataza inayotajwa kama ushahidi wa mwisho, tuitazame vizuri. Ofisi ya Afrika Kusini inayosajili hataza, CIPC ya Pretoria, kwa miongo mingi imekuwa ikikagua fomu na ada bila kuchunguza kama kitu kinachosajiliwa ni kipya kweli. Julai 2021 ilitoa hataza ambayo mvumbuzi aliyeandikwa ni DABUS, mfumo wa kompyuta. Ofisi za Marekani, Uingereza na Ulaya zilikataa ombi hilohilo. Katika nchi yenye utaratibu huo, mtu mwenye cheti cha hataza anaweza kuwa hana kitu mkononi, na mtu mwenye barua pepe ya mkurugenzi akawa na dai zito.

Hoja ya mshahara nayo haina nguvu kama inavyosikika. Makate aliajiriwa kufanya hesabu, na kubuni bidhaa haikuwa kazi yake. Sheria za nchi nyingi zinajua tofauti hiyo. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Hataza ya Afrika Kusini ya 1978 kinabatilisha sharti la ajira linalomlazimisha mfanyakazi kumkabidhi mwajiri uvumbuzi alioufanya nje ya mipaka ya kazi yake. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 inatambua kwamba mfanyakazi anaweza kustahili malipo ya ziada pale uvumbuzi wake unapokuwa na thamani ya pekee. Sheria hizo zinahusu uvumbuzi wenyewe, hazigusi kila wazo linalotajwa ofisini. Hata hivyo, anayesema mshahara unameza kila kitu kichwani mwa mfanyakazi anasema jambo ambalo sheria haisemi.

Imebaki lawama ya muda. Kesi imevuta miaka 17, basi mdai ni king'ang'anizi. Tuulize nani aliivuta.

Mwaka 2009 Alan Knott-Craig, aliyekuwa mtendaji mkuu wa Vodacom wakati huduma inaanza, alichapisha kitabu cha maisha yake akisema wazo lilikuwa lake mwenyewe. Alipofika mbele ya Mahakama Kuu ya Johannesburg akarudia, na mahakama haikumwamini. Julai 2014 Jaji Phillip Coppin alisema wazo lilitoka kwa Makate na kwamba palikuwa na makubaliano. Hata hivyo Makate alishindwa. Alishindwa kwa sababu mbili ambazo kila mfanyakazi anapaswa kuzijua. Ya kwanza, kwamba Geissler hakuwa na mamlaka ya kuifunga kampuni kwa ahadi kama ile. Ya pili, kwamba dai lilikuwa limepitwa na muda, kwani Sheria ya Ukomo ya 1969 inatoa miaka 3 kudai deni.

Tafakari kidogo utetezi huo. Kampuni ilikuwa imevuna kwa zaidi ya miaka 10, na ushahidi wa nani aliyetoa wazo umeshakubaliwa na jaji. Kilichobaki kuitetea ni kusema mkurugenzi wetu hakuruhusiwa kukuahidi, na isitoshe umechelewa.

Tarehe 26 Aprili 2016 Mahakama ya Kikatiba ilikataa yote mawili. Mahakama hiyo iko Braamfontein, Johannesburg, kwenye kilima kilichokuwa gereza, na matofali ya jengo la mahabusu lililobomolewa yametumika kujengea kuta zake. Jaji Chris Jafta, aliyeandika hukumu ya walio wengi, alisema kampuni iliyomweka mtu kwenye kiti kile, ikawaacha wafanyakazi wampelekee mawazo na kuzungumza naye kuhusu bidhaa mpya, haiwezi kugeuka baadaye na kumkana. Kuhusu muda, alisema anayeomba kampuni itekeleze ahadi ya kukaa mezani hadai deni linalofutika kwa miaka 3. Vodacom iliamriwa ianze mazungumzo ya nia njema ndani ya siku 30. Na jaji hakuficha alivyouona mwenendo wake: aliuita usio wa heshima, usiotarajiwa kwa kampuni yenye maadili.

Kwa hiyo tangu Aprili 2016 suala la kama Makate anastahili kulipwa lilikwisha. Yeyote aliyeiita kesi hiyo ya kipuuzi baada ya hapo alikuwa anabishana na mahakama ya juu kabisa ya nchi ile. Kilichobaki kilikuwa kiasi, na kiasi peke yake kilichukua miaka mingine 9.

Kiasi ndicho kilichowatisha watu. Januari 2019 mtendaji mkuu Shameel Joosub aliamua Makate alipwe randi milioni 47. Makate alikataa. Redio na mitandao zikasema ni tamaa, maana milioni 47 ni pesa ambayo watu wengi hawataiona maishani. Lakini hesabu ile ilijengwa juu ya miaka 5 ya mapato, kana kwamba mkataba ungeishi miaka 5, wakati huduma yenyewe ilikuwa imeshaingia mwaka wa 18 na bado inatumika. Februari 2022 Jaji Wendy Hughes wa Mahakama Kuu ya Pretoria aliutengua uamuzi huo. Februari 2024 Mahakama ya Juu ya Rufaa ya Bloemfontein, kwa majaji 3 dhidi ya 2, ikasema Makate apewe kati ya asilimia 5 na 7.5 ya mapato ya huduma hiyo tangu 2001, pamoja na riba. Vodacom ikapiga hesabu na kutangaza kwamba hiyo ni kati ya randi bilioni 29 na bilioni 63.

Hapo kelele zikapanda. Mtu mmoja, bilioni 63! Wengi walioshangaa hawakuona kwamba kabla mapato hayajazidishwa kwa asilimia ni lazima yawepo. Bilioni hizo zilitokana na ukubwa wa biashara.

Hatusemi hesabu ya Bloemfontein ilikuwa sahihi. Vodacom ina wenye hisa, na kati yao ni mifuko ya pensheni ya watu wa kawaida. Ilikuwa na haki ya kubishia kila sifuri. Ikakata rufaa, na tarehe 31 Julai 2025 Mahakama ya Kikatiba, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mbuyiseli Madlanga, ilikubali kwamba majaji wa Bloemfontein hawakuzipima ipasavyo hoja za kampuni. Ikaufuta uamuzi wao na kuamuru rufaa isikilizwe upya na majaji wengine. Tunaiona hiyo kuwa hukumu ya haki. Lakini mzozo kuhusu kiasi ni mzozo halali kwa pande zote mbili, na ndiyo kazi ambayo mahakama ziliwekewa. Haumgeuzi mdai kuwa mpuuzi.

Kuna jambo jingine ambalo wasemaji hawalitaji. Mhasibu hawezi kulipia mawakili miaka 17 kwa mshahara wake. Makate alitegemea wafadhili wa kesi, watu wanaotoa pesa zao kwa makubaliano ya kuchukua sehemu ya ushindi, na mdai akishindwa wanapoteza zote. Watu wa namna hiyo hukagua kesi kwa ukali kuliko mwandishi wa habari yeyote. Utaratibu huo una ubaya wake, kwani mdai akishinda hagusi chote alichoshinda, na ugomvi na wafadhili wenyewe unaweza kuzaa kesi nyingine. Bila wao, hata hivyo, dai hili lingekufa kabla ya hukumu ya kwanza, na tungeendelea kuamini kitabu cha Knott-Craig.

Kesi za kusumbua zipo, na sheria inazo silaha zake. Afrika Kusini ina sheria ya mwaka 1956 inayoruhusu mahakama kumzuia mtu anayefungua mashauri ya kero mfululizo. Kwetu wakili yeyote anajua pingamizi la awali, na anajua kwamba dai lisiloonyesha haki yoyote hutupwa kabla ya shahidi wa kwanza. Anayeshindwa hubebeshwa gharama. Dai lililopita katika vichujio vyote hivyo hadi Braamfontein, mara mbili, halikupenya kwa bahati.

Ukitaka kuona mahakama zikitumiwa vibaya, mara nyingi tazama upande wa pili. Februari 1998 kampuni za dawa ziliishtaki serikali ya Nelson Mandela mjini Pretoria kuhusu sheria ya 1997 iliyolenga kushusha bei za dawa, zikitetea hataza zao. Kesi ilizuia vifungu vya sheria hiyo kwa zaidi ya miaka 3, wakati UKIMWI unaua watu nchi nzima. Tarehe 19 Aprili 2001, baada ya wanaharakati wa Treatment Action Campaign kuruhusiwa kutoa hoja na dunia kuanza kuuliza maswali, kampuni 39 ziliiondoa kesi. Na kampuni ya madini ya Mineral Sands Resources ilipowashtaki watetezi wa mazingira na mawakili kwa kashfa, ikidai fidia ya randi milioni 14.25 au waombe radhi, ilikuwa Mahakama hiyohiyo ya Kikatiba iliyosema, Novemba 2022, kwamba kesi inayofunguliwa ili kuwanyamazisha watu inaweza kuwa matumizi mabaya ya mahakama. Gharama kwa kampuni kama hiyo ni mstari mmoja kwenye bajeti. Kwa mwanaharakati ni nyumba yake.

Tusiseme hayo ni ya kusini. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe wanamuziki AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ruhusa. Vijiwe vya Dar es Salaam vilisema yaleyale: bilioni 2 kwa mlio wa simu? Nchini Kenya, kinyume chake, maelfu wanaamini hadi leo kwamba M-Pesa iliibwa kutoka kwa mwanafunzi, ilhali historia yake inajulikana. Ulikuwa mradi wa Vodafone uliosimamiwa na Nick Hughes na Susie Lonie, ukapewa ruzuku na idara ya maendeleo ya Uingereza, na Safaricom ikauzindua Machi 2007. Uvumi usio na hukumu hata moja unaaminiwa, na mtu mwenye hukumu ya Mahakama ya Kikatiba mkononi anaitwa mwenye tamaa. Hilo linatuhusu sisi waandishi moja kwa moja. Tunaandika kiasi kinachodaiwa kwa herufi kubwa, na swali ambalo jaji ameulizwa tunalitupa aya ya tisa au hatuliandiki kabisa.

Kampuni za simu za ukanda huu zinatumia mawazo ya wafanyakazi wao kila siku, na hutengeneza hata mashindano ya kuyakusanya. Kundi la Vodacom lenyewe linamiliki Vodacom Tanzania na tangu 2017 lina hisa kubwa ndani ya Safaricom. Tunazitaka kampuni hizo ziwe na waraka ulio wazi, unaosomwa na kila mwajiriwa, unaotaja nani ana mamlaka ya kuahidi malipo kwa wazo lililo nje ya kazi ya mtu, malipo hayo yatakokotolewaje, kwa muda gani, na nani ataamua wakishindwa kuelewana ambaye si mtendaji mkuu wa kampuni inayodaiwa. Vyama vya wafanyakazi viliweke jambo hili kwenye mikataba ya hali bora badala ya kusubiri mtu mmoja ajitoe mhanga. Na mfanyakazi mwenye wazo aliandike, alitume kwa barua pepe, aombe jibu la maandishi na alitunze mahali ambapo hatanyang'anywa siku anayoondoka. Makate alishinda kwa sababu maneno ya Geissler na shukrani za jarida la ndani vilikuwa kwenye karatasi.

Rufaa iliyorudishwa Bloemfontein ilikuwa isikilizwe Novemba 2025 mbele ya majaji wapya. Makubaliano yameifuta. Kwa Makate, baada ya miaka yote hiyo, tunafurahi. Kwa wengine, suala la jinsi ya kuhesabu thamani ya wazo la mfanyakazi limebaki bila uamuzi wa mwisho, na kiasi kilicholipwa ni siri. Atakayedai kesho atakuwa na hukumu ya 2016 ya kumsaidia kwamba ahadi inafunga. Hesabu ataanza mwanzo.